Paka wa Maman Gisèle na Kijiko cha Mawese

Hapa Kasha kila mtu anamjua Maman Gisèle, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani. Ana mikono myepesi, mdomo mwepesi zaidi, na paka wa kijivu aitwaye Duane, yaani forodha, kwa sababu hakuna kapu la samaki linaloingia uani bila yeye kutoza ushuru wake. Nimepanga chumba kwake mwaka wa nne sasa. Nampenda sana, lakini akikasirika mimi hujifungia ndani.

Jumanne moja asubuhi Duane alianza kutokwa na mate, huku miguu yote minne ikitetemeka. Maman Gisèle hakuuliza kitu. Alitoka nje akatangaza, kwa sauti ya kufika Nyantende, kwamba paka wake amepewa karuho, ile sumu ya wivu ambayo huku kwetu husingiziwa kila tumbo linalouma. Na aliyeitoa, akasema, ni jirani yake Maman Bulonza, ambaye naye anauza sambaza. Maman Bulonza alikuwa anaanika nguo. Alibaki na shati mkononi.

Dawa ya karuho huku kila mtu anaijua: mawese, kisha maziwa juu yake. Maman Gisèle alikwisha kumbana Duane kati ya magoti, kijiko kimejaa, nilipompata Zagabe kwenye simu. Zagabe ni veterineri, daktari wa wanyama wa Bagira, mtu mpole, lakini siku hiyo alifoka. Asipewe mawese, asipewe maziwa, wala asitapishwe. Paka anayetetemeka hamezi vizuri. Mafuta yataingia kwenye mapafu, naye atakufa kwa dawa kabla ya sumu. Tumpanguse mdomo, tumfunge ndani ya kitenge, tutafute alichokula, hata paketi yake, twende nacho upesi.

“Karuho haina paketi,” alinung'unika Maman Gisèle, lakini kijiko alikiweka chini.

Maman Bulonza, matusi yakiwa bado yanamlia masikioni, ndiye aliyepiga magoti na kupeleka mkono nyuma ya magunia ya Maman Gisèle yaliyopangwa ukutani. Akatoa paketi ya sumu ya panya, imefunguliwa, na kisahani cha vichwa vya sambaza vilivyopakwa unga wake. Kikulacho ki nguoni mwako. Maman Gisèle alikitambua kisahani. Juzi aliona panya, akasema Duane amekuwa mvivu, akatega mwenyewe.

Akavua kitenge chake, akamfunga Duane. 

Tukachukua moto mbili, zile pikipiki za abiria, mpaka kwa Zagabe. Maman Bulonza alimbeba paka, mwenye paka akaikumbatia paketi. Zagabe alisoma paketi, akajua papo hapo ni sindano gani; bila ile paketi, alisema, angekuwa anakisia tu. Saa nane mchana mate yalikauka. Saa kumi Duane alimparua Zagabe, tukafurahi wote isipokuwa Zagabe.

Mtu mwingine angeomba radhi kimyakimya, kwa bakuli la sambaza lililofunikwa. Maman Gisèle hana tabia hiyo. Tuliporudi hakuingia hata ndani. Aliita majirani, mmoja mmoja kwa jina, mpaka wakajaa uani.

“Ile sumu, ni miye njo niliiweka,” akawaambia. “Na Maman Bulonza njo alimuponyesha paka yangu. Vile mulisikia matusi, musikie na hii: ninamuomba pardon.”

Maman Bulonza, machozi na kicheko vimemshika pamoja, alimwomba ashushe sauti, maana mgonjwa amelala mikononi mwake.