Baraka Mlangoni pa Wodi

Mtoto wetu wa mwisho alizaliwa kabla ya wakati wake, katika hospitali moja ya Kajiado, na siku hizo sikuweza kutulia kitini. Kila asubuhi nilitoka Kitengela, nikifika nanawa, nambeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kisha natoka nje kuzunguka uani bila sababu.

Sikusomea udaktari. Nimejisomea tu, vipeperushi vya hospitali na vitabu vya uuguzi vya mitumba. Nilichoelewa ni kwamba ugonjwa hauruki ovyo, una njia. Mmoja hupitia mikononi, mwingine kwenye hewa anayoitoa mtu akikohoa, na kila njia yaweza kufungwa. Kulijua hilo hakukunituliza. Kulinifanya nione njia zilizo wazi kila mahali: kitasa cha mlango, simu yangu, pindo la leso.

Ndipo baba mkwe akaja kutoka Mashuuru kumbariki mjukuu. Kwao Wamaasai, mzee humtemea mtoto mate mepesi, na bila hayo mke wangu aliona mtoto bado hajapokelewa. Alimsubiri baba yake kwa hamu kuliko alivyomsubiri daktari. Lakini mzee alikuwa akikohoa tangu kiangazi, na shuka lilikuwa limeanza kumpwaya. Sote tuliona. Hakuna aliyesema, mimi mkwe ndiye wa mwisho kusema.

Sista wa wodi alimzuia mlangoni. "Mzee, humu ni mama na baba ya mtoto pekee."

"Hata mimi ni baba. Huyo mama uko naye ndani, nilimzaa mimi."

Sista akacheka, ila hakusogea.

Mzee akanigeukia. "Lete mikono."

Nikainyoosha. Akatema kwenye viganja vyangu, akisema kwa Kimaa maneno ninayoyaelewa nusu: aishi, awe na ng'ombe, awe na watoto wake. "Sasa mpelekee."

Kati yangu na mtoto palikuwa na sinki.

"Baba mtoto, sabuni iko hapo," sista akaniambia.

Nyuma ya kioo, mke wangu alikuwa ameona yote. Nikafungua mfereji. Nikasugua viganja, kati ya vidole, chini ya kucha, kama kawaida, na sikuthubutu kuinua macho. Mzee akakohoa nyuma yangu, kikohozi kirefu kilichotoka chini kabisa. Nikatambua kwamba nilikuwa nafunga njia moja huku nyingine iko wazi pale mlangoni.

Nikageuka, maji yakinitiririka. "Baba, hicho kikohozi kinaniogopesha. Naomba kipimwe leo, kabla hujarudi nyumbani."

"Mate yangu umeyaosha mbele ya macho yangu."

"Ndiyo, baba."

"Na sasa unayataka tena, ukampe daktari."

"Makohozi, baba. Yale ya kifuani."

Akamtazama sista. "Huyu mkwe wangu ako na kazi nyingi na mdomo yangu leo."

Mke wangu alikuwa amefika mlangoni, amesimama mbali na baba yake kidogo. "Enda na yeye, papa," akasema. Mzee akaenda.

Alipewa kikopo, akaelekezwa nje, nyuma ya jengo, akakohoe kwenye upepo. Majibu yalipotoka, yalikuwa kifua kikuu. Akaanzishiwa dawa, na mke wangu na mtoto wakachunguzwa. Nilipokwenda kumweleza majibu ya mtoto, nilimkuta kwenye benchi la uani, barakoa imemfunika hadi chini ya macho.

"Ugonjwa haikumfikia?" akauliza.

"Haukumfikia, baba."

"Na baraka?"

Nikakaa, nikasimama tena, nikaenda kumwuliza sista ni lini mzee ataruhusiwa kumshika mtoto.