Panga Lililofungwa Guniani

Shangazi yangu Namalwa alikuwa mfupi wa kimo na mrefu wa ulimi. Miaka ile ya themanini, miwa ilipopandwa hadi milangoni mwa nyumba kule Mumias, yeye ndiye alikuwa nyapara wa kundi letu la wakataji, na wanaume wenye ndevu zao walimwogopa kuliko nyoka wa shambani. Alikuwa na sheria moja asiyoibadilisha: kazi ikiisha, panga linafungwa guniani, kamba inazungushwa mara tatu, na fundo linakazwa kwa meno. Aliyekwenda nyumbani na panga wazi hakupata kazi kesho yake. Tulimcheka sana. Tulisema anayavisha mapanga nepi.

Kisha Bramwel, kijana wa kundi letu, akapigwa risasi na konstebo njiani akitoka kazini. Alikufa papo hapo. Mbele ya hakimu aliyechunguza kifo hicho, Kakamega, konstebo aliapa kwamba Bramwel alimjia ameinua panga, naye akafyatua kuokoa maisha yake. Sheria inamruhusu askari kuua pale tu uhai umo hatarini kweli na njia nyingine haipo. Hakimu akimwamini, jina la jambazi lingemfuata Bramwel kaburini, na mamake angeishi nalo.

Shangazi alipoitwa kutoa ushahidi, aliomba kuonyeshwa panga. Lililetwa kama lilivyookotwa, lebo ya polisi ikining'inia kwenye gunia. Konstebo mwenyewe alikuwa amekiri kuwa hakuna aliyelifungua.

"Mheshimiwa, niruhusu nilifungue," Shangazi alisema. "Huyu afande ahesabu."

Aliuma fundo, akavuta, akapumzika, akauma tena. Konstebo alihesabu hadi arobaini. Shangazi alikuwa bado kwenye mzunguko wa pili.

"Panga ya watu wangu inafungwanga hivi," akasema. "Huyu mtoto alinitii. Ndio nimekuja kumsemea."

Hakimu aliamua kwamba hapakuwa na hatari yoyote, na konstebo ashtakiwe. Mamake Bramwel alilia kwa sauti. Shangazi, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alibaki kizimbani akilifunga panga upya, mara tatu, kisha akashindwa kuliuma fundo kwa sababu midomo ilikuwa inamtetemeka. Nikaenda nikamkazia mimi.