Karanga za Mbegu

Baba yangu alikuwa fundi mwashi, na kila kitu kilichokatwa kikawa na kona nne alikiita tofali. Hata vitafunio ninavyooka mimi, unga na siagi chini, karanga na asali katikati, unga tena juu, aliviita matofali. "Leo hakuna matofali?" alikuwa akiuliza tukirudi misa ya Jumapili, kabla hata hajavua viatu. Yeye ndiye aliyelikata debe la mafuta ya kula akanikunjia trei, maana oveni hatuna. Trei hiyo mimi huiingiza kwenye sufuria kubwa yenye mchanga, moto chini, na makaa mengine juu ya mfuniko. Mama alikuwa akivizia vipande vya pembeni, vilivyokauka vizuri. Vya katikati alisema ni vya watu wasio na meno.

Mimi ni kitinda mimba, mwanaume wa miaka arobaini, na ndiyo, ninaoka. Wanaocheka nawaacha wacheke, ila siwagawii.

Baba alifariki watu wakiwa kwenye mavuno ya mpunga. Mwezi wa kwanza baada ya kuzika tulisema ni majonzi, yatapita. Mwezi wa pili Mama alikuwa bado anaishi kwa chai ya rangi na vijiko vitatu vya uji. Hospitali walimpima, hawakuona ugonjwa. Nilimpikia wali kwa kambale, nikampikia magimbi, nikamwekea ndizi mbivu mkononi. "Nimeshiba, baba," ananijibu, na sahani inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Pete yake ya ndoa aliizungushia uzi isidondoke. Nilipomuuliza habari za shamba alisema, "Mtajua wenyewe." Niliogopa kwamba kabla mvua hazijaanza nitakuwa nimezika tena.

Jirani yetu ni mama mmoja Mngoni, aliyeletwa Ifakara na ndoa miaka mingi iliyopita. Wangoni na sisi Wapogoro ni watani, na huyu utani anaujua mpaka unaudhi. Siku ya msiba alivaa koti la Baba, akakaa kwenye kiti chake, akadai matofali kwa sauti ile ile ya marehemu. Waombolezaji wote walicheka, isipokuwa Mama na mimi. Najua mtani hakasirikiwi, lakini mimi nimeumbwa na hasira za karibu, na tangu siku hiyo nilikuwa namsalimia kwa kulazimika.

Jumamosi moja mwezi wa nane niliamua kuoka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Niliwaza kwamba kama kuna kitu kitakachomfanya Mama afungue mdomo ni kile kipande cha pembeni. Nilikuwa na karanga za sokoni Kiberege, zile kubwa nyeupenyeupe. Nikaziweka kwenye kikaango, simu ikaita. Alikuwa kijana wa mashine ya kukoboa, mpunga wetu ameuchanganya na wa mtu mwingine. Niligombana naye mpaka nikasahau niko wapi. Niliporudi karanga zimekuwa mkaa. Hasira hasara, wala sikuhitaji mtu wa kuniambia.

Unga ulikuwa umeshakandwa, moto umeshakolea. Nikainua macho. Juu ya jiko, kwenye uchanja, lilikuwa kapu la mbegu la Mama. Ndani yake mna karanga ndogo nyekundu, na maganda yake, mbegu aliyokuja nayo kutoka Mahenge alipoolewa. Kila mwaka huivuna, hutenga ya kupanda mwaka ujao, humpa jirani kidogo, na iliyobaki ndiyo tunakula. Kapu lile haliguswi. Tulipokuwa watoto, kulisogelea tu kulikuwa na fimbo zake.

Nilisimama chini yake kwa muda. Halafu nikalishusha. Nilijiambia, zikae za nini, nani atazipanda? Naliandika hili kwa sababu ni lazima nilikiri: siku ile, moyoni mwangu, Mama nilikuwa nimeshamzika.

Nilizimenya zote, nikazikaanga safari hii bila simu, nikazitwanga nusu nusu, nikachanganya na asali. Trei ilipotoka sufuriani ilinukia mpaka barabarani. Nilikata matofali, nikampelekea Mama pale barazani alipokuwa ameketi, nikamwekea la pembeni kwenye kisahani. Alilitazama, akageuza uso ukutani.

Hapo ndipo mtani alipoingia, bila hodi.

"Shikamoo mama," nikasema, meno yameumana.

"Marahaba, mchumba. Mzee amenitokea ndotoni, kasema nije nile fungu lake." Akachukua tofali, na lingine, akakaa kwenye kiti cha Baba. Akamega mbele ya uso wa Mama. "Mm! Wapogoro mnajua kupika kumbe. Tatizo lenu uchoyo tu."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumfukuza. Mama akaniwahi. Macho yake yalikuwa kwenye kile kipande kilichomegwa, mahali karanga zilipotokeza na ngozi zake nyekundu.

"Hizo karanga umezitoa wapi?"

Macho yangu yalikimbilia jikoni. Aliinuka mwenyewe, akaenda jikoni. Nilisikia kapu tupu likitupwa chini. Alirudi ananigombeza kwa Kipogoro, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa shule ya msingi, kisha akageukia Kiswahili ili mtani naye asikie vizuri.

"Mbegu zangu! Umepika mbegu zangu! Haya niambie, mvua zikianza nitapanda nini?"

Nilitaka kupiga magoti, si kwa kuomba msamaha, kwa shukrani. Alisema "nitapanda", yeye mwenyewe. Niliinamisha kichwa asione machozi, nikamwacha anigombeze mpaka achoke.

Mtani alikuwa anacheka kwa sauti. "Mbegu kwangu zipo, debe zima. Si ulinipa mwenyewe? Ila leo Mpogoro atakuja kwangu aombe kwa adabu, na kumtuma mtoto sitaki."

"Mimi nikuombe wewe? Mwizi wa makoti?"

"Basi kapande mchanga."

Akaondoka na tofali lake la tatu. Na mimi, niliyemchukia miezi miwili mizima, mpaka leo sijui nimlipe nini. Aliona tulichoshindwa kukiona sisi tuliokuwa tunabembeleza: kwamba Mama alikuwa amechoka kuhurumiwa, alikuwa anahitaji mtu wa kugombana naye.

Mama alisimama barazani anahema. Alijifunga kanga ya pili kiunoni, akaniamuru niokote kapu nimletee. Tangu msiba alikuwa hajavuka ua wetu isipokuwa kwenda hospitali. Akachagua matofali mawili, yote ya pembeni, akatoka kuelekea kwa mtani. Moja aliliweka ndani ya kapu, la kuombea mbegu. Lingine akalila njiani.