Fungu la Nyumba ya Chini

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nikiwa bado kijana wa kuchinjia watu mbuzi huku mlimani. Shule niliishia la tatu, na bucha yangu ya Majengo sikupewa na mtu. Kwa hiyo nikisema juu ya nyama, nisikilize.

Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa amenusurika. Alikataza miti ya kwenye chemchemi isikatwe, basi vijana wawili wa marehemu ndugu yake, wa nyumba ya chini, wakamvizia na mapanga akitoka sokoni Kwa Sadala. Mungu akamficha migombani. Vijana walipofungwa, tukaenda kanisani kushukuru, tukaimba mpaka wazee wakalia, kisha tukapanda kwake kuchinja.

Kwetu mbuzi wa ukoo hagawanywi ovyo. Kila nyumba ina fungu lake, na nyumba iliyonyimwa fungu imetupwa nje ya ukoo. Nilipofikia fungu la nyumba ya chini, Mwenyekiti akaniambia niwatupie mbwa. Watu wakacheka. Mmoja akasema hata mbwa leo wana ibada yao. Nami nikacheka, kisu mkononi.

Shangazi wa Mwenyekiti, bibi kizee aliyekaa karibu na moto, hakucheka.

"Baba, Mungu ameliondoa panga juu ya kichwa chako, na wewe unainua lako. Ile amina ya asubuhi ulimwambia nani?"

"Waliitafuta roho yangu, shangazi."

"Walioitafuta wako gerezani. Mama yao yuko pale chini, na wadogo zao wanakua."

Mwenyekiti akalifunga lile fungu kwa jani la mgomba, kwa mikono yake mwenyewe, akashuka nalo. Nikamfuata. Yule mama, mjane wa ndugu yake, alipoiona nyama, alishika mlango.

"Shemeji, nilijua leo haitafika. Nimewaambia watoto wasiangalie njia."

"Waambie waangalie," akasema Mwenyekiti.

Wale watoto sasa wana wajukuu. Hakuna aliyeshika panga.

Mwanangu, wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Sawa, lakini ukoo ukikatana mapanga, nani atabaki wa kulima? Mungu akikuokoa na adui, shukuru kwa sauti, na sheria iachie kazi yake. Ila shukrani inayomnyima mtoto wa adui fungu lake ni majigambo tu, hata ukiiimbia kanisani.

Mungu akufiche migombani siku ya adui, na siku ya kugawa akushike mkono.