Kutu Kwenye Mayai

Nilijidunga sindano za kukomaza mayai ya uzazi tumboni siku kumi na moja, na siku ya kuvuna likapatikana yai moja. Moja! Daktari wetu pale Parklands, mama wa Kihindi mwenye sauti ya upole, alitarajia hata sita. Kesho yake akapiga simu: na hilo moja halikurutubika. Nikamshukuru, nikaendelea kukunja nguo.

Tuliporudi kwake, mume wangu aliuliza kwa nini.

"Oksijeni tunatumia inaacha uchafu kwa mwili," daktari akasema. "Mwili ikishindwa kuisafisha, mayai inaharibika, kama mabati ikishika kutu. Zile vitamini nilikupatia ni za kupunguza hiyo kutu. Lakini pia mayai yenyewe imebaki kidogo sana."

Akashauri tutafute yai la mwanamke mwingine. Mimi nilikuwa nikitazama kalenda nyuma yake. Sikusikia uchungu wowote, na hilo liliniudhi. Miezi mitatu nimemeza vidonge na juisi ya bitiruti hadi ulimi ukawa mwekundu, halafu nashindwa hata kulia!

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, wa pili la mama wa mama yake. Mama yangu alifariki kabla sijaolewa. Siku zote niliota wasichana wawili, wa kwanza wa mama mkwe, wa pili anirudishie mama. Sasa hata huyo mmoja ni wa kuombea yai, na kwa miaka yangu arobaini na moja, wa pili nisijidanganye.

Jumapili tulienda kwa mama mkwe, kule mtaani Kabiria. Mume wangu akajifanya ana gari la kuosha, mwoga yule, akaniacha jikoni na mama yake tukimenya viazi. Nikamweleza yote, ya kutu na ya yai la mtu mwingine, kwa sauti ambayo ningeagizia nyama buchani. Nilingoja aseme jina lake halipewi mtoto wa damu isiyojulikana.

Aliendelea kumenya. Kisha akauliza, "Mtapata mmoja tu?"

"Tukibahatika, mama."

"Basi akiwa msichana, mpatie jina ya mama yako. Mimi bado niko."

Nikasema sawa, mama. Nikachukua kiazi kingine, na hapo ndipo kilio kiliponipata.