Aliyemfundisha Asekenye

Ukitaka kumkasirisha Ebong wa Kisoko, mwambie pikipiki ni chombo tu cha kumfikisha mtu kazini. Chombo! Sufuria ni chombo. Pikipiki yake, aliyoinunua mwaka wa sitini na moja kwa karani Mgoa aliyekuwa akihama, aliipangusa kila asubuhi kabla hata ya kupiga mswaki, na mkewe Amuge alisema wazi kwamba mke mwenzake ana magurudumu mawili. Alfajiri iliunguruma kutoka Kisoko mpaka Tororo, kwenye kiwanda cha saruji, ambako Ebong alikuwa fundi wa mashine za kusaga mawe.

Mwenye ugonjwa kama huo hutafuta mwenzake. Mwanawe wa kiume aliogopa hata baiskeli. Aliyeambukizwa ni binti, Asekenye, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima wa miaka ishirini na moja. Alianza kwa kumpokeza baba spana, akaishia kujua injini inaumwa wapi kabla baba hajashuka. Siku moja Ebong akamwambia, "Hebu kaa mbele." Basi. Mwezi haukuisha, binti akawa anabadilisha gia kwa ulaini kuliko baba yake.

Kila Jumamosi mchana walitoka nyumbani baba mbele, mwana nyuma, na adabu zao zote. Wakishaipita nyumba ya mwisho, walibadilishana. Asekenye alivaa ovaroli ya kiwandani juu ya gauni, kofia ya ngozi na miwani ya vumbi. Ebong alikaa nyuma, akamshika mabega, na barabara ya kwenda Malaba ikawa yao. Kila kona alicheka kama mtoto. Watu wakimuuliza, "Mzee Ebong, kijana gani huyo anayekubeba?" alijibu, "Fundi mwenzangu wa kiwandani." Wote wawili waliona ni mzaha. Uongo ulikuwa umeshaota hapo, ila bado ulikuwa mdogo na wa kuchekesha.

Safari moja, ng'ambo ya Malaba, upande wa Kenya ambako hakuna aliyewajua, injini ilizima karibu na mto. Mzee mmoja mwenye kofia pana akawasaidia kusukuma. Asekenye alipovua kofia ajifute jasho, mzee akashangaa, "Kumbe ni msichana!" Weee, Ebong alivyovimba! "Binti yangu huyo! Nimemfundisha mimi, kwa mikono hii. Nitafutie mwanamume wa kumshinda kutoka hapa mpaka Busia." Aliyasema hayo huku akisugua plagi kwa mswaki mkuukuu. Sura ya mzee wa watu hakuitazama hata kidogo.

Mwaka wa sitini na tatu zikaja posa. Osborn, karani wa ushirika wa pamba huko Busia, alikuwa amempenda Asekenye, na wazee wake wakaja Kisoko kuzungumza mahari. Kaka mkubwa wa Ebong alikuwepo, na katekista alikuwepo. Ebong mwenyewe alikuwa amechaguliwa mzee wa kanisa wiki mbili tu zilizopita, na shati lake lilipigwa pasi mpaka likakauka kama ubao. Chungu cha ajono, pombe ya ulezi, kiliwekwa katikati, wazee wakakizunguka na mirija yao mirefu. Katekista aliletewa chai.

Mazungumzo ya ng'ombe yalikwenda vizuri. Kisha msemaji wa wageni, Mzee Emojong, aliyekuwa ameiweka kofia yake gotini, akauachia mrija.

"Kuna neno moja," alisema. "Tumesikia msichana wa nyumba hii anaendesha pikipiki, amekaa kama mwanamume. Hatujaja kugombana. Tunauliza tu, nani alimfundisha?"

Kaka akamgeukia Ebong. Katekista akatua kikombe. Jibu lilikuwa neno moja tu, mimi, na Ebong alikuwa nalo mdomoni. Lakini aliwaza uzee wa kanisa. Akawaza vicheko sokoni Tororo. Akawaza pia kwamba posa itavunjika, na hilo ndilo alilojidanganya baadaye kwamba ndilo lililomponza.

"Hakuna aliyemfundisha," alisema. "Anaiiba Jumapili nikipumzika. Nimemkanya, nimemchapa, hasikii."

Kumchapa! Mtu ambaye hajawahi kumgusa mtoto yule hata kwa ufito!

Kama ilivyo desturi, msichana aliitwa ajibu mwenyewe mbele ya wageni. Asekenye alitoka jikoni, na jikoni hapakuwa mbali; yote alikuwa ameyasikia. Akapiga magoti. Emojong akamuuliza taratibu, "Binti, ni kweli unaiba pikipiki ya baba yako?"

Asekenye alitazama mikono ya baba yake. Chini ya kucha mlikuwa na weusi wa oili usiotoka kwa sabuni yoyote, sawa na uliokuwa chini ya kucha zake.

"Ni kweli," alisema. "Niliiba. Sitaigusa tena."

Ng'ombe wakaletwa, harusi ikafungwa, watu wakala wakashiba. Jumamosi iliyofuata Ebong alitoka peke yake. Alipoifikia nyumba ya mwisho akapunguza mwendo kwa mazoea, akakumbuka hana wa kubadilishana naye, akageuza. Kwenda Busia kumwona binti alipanda basi miaka yote, maana aliona haya kuegesha pikipiki ile uani kwake. Asekenye alimpokea kwa heshima, akamnawisha mikono, akamuuliza habari za mama, za mvua, za kiwanda. Habari za pikipiki hakuuliza hata mara moja. Angemtukana ingekuwa nafuu. Kanisani Ebong alipitisha kapu la sadaka akiwa ameinamisha macho, na watu walimsifu kwa unyenyekevu wake. Unyenyekevu gani? Ilikuwa aibu tupu.

Mwaka wa sitini na nane Osborn akanunua pikipiki yake, akatuma ujumbe kwamba baba mkwe aje amfundishe. Ebong alikuta jamaa wamejaa uani, na Mzee Emojong amewekewa kiti. Osborn alipiga kiki mara kumi bure. Ya kumi na moja ikawaka, akaachia klachi kwa pupa, akaishia katikati ya mihogo. Watu walicheka mpaka machozi. "Pole, karani! Hiyo si kalamu!"

Asekenye hakucheka. Alisimama mlangoni na sinia ya vikombe, na Ebong akaona mguu wake wa kulia ukikanyaga chini, ukikanyaga tena. Ulikuwa unapiga kiki wenyewe, na mwenye mguu hana habari.

Ebong akasimama.

"Mimi siwezi kumfundisha huyu," alisema. "Mwalimu mnaye humu ndani. Asekenye nilimfundisha mimi. Hakuiba. Sikumchapa. Nilidanganya mbele yenu, nikamwacha mtoto wangu aubebe uongo wangu."

Alingoja wamzomee. Hakuna aliyezomea. Mzee Emojong aliichukua kofia yake pana, akaivaa.

"Ebong, na sasa pia hunikumbuki? Mimi ndiye niliyekusukumia pikipiki pale Malaba. Ulijisifu mpaka masikio yakaniuma! Siku ile kwako nilitaka tu uyaseme tena mbele ya watu wako, tucheke, tunywe."

"Mlijua?"

"Wote tulijua. Tulipomwona binti anajitwisha uongo wako ili usiaibike, tukasema huyu ndiye mke. Wewe tulikukubali kwa ajili yake."

Ebong akamgeukia Asekenye. "Nawe ulijua kwamba wanajua?"

"Osborn aliniambia wiki ile ile ya harusi."

"Sasa kwa nini hukuendesha, mama?"

"Kwa sababu hukuwa umesema, baba," alijibu. "Nilikuwa nakungoja."

Miaka mitano.

Asekenye alitua sinia, akaingia mihogoni, akaiinua pikipiki. Akakaza leso kiunoni juu ya gauni. Kiki moja tu, ikawaka.

"Panda, baba."

Ebong alipanda mbele ya macho yao wote. Zamani alikuwa akimshika mabega. Sasa alishika chuma cha nyuma ya kiti, kwa mikono miwili. Walipofika barabarani binti akasema bila kugeuka, "Shika mabega, utaanguka."

Ebong hakuweza. Alishika chuma kile kwenda na kurudi.