Daktari Alisema Nisikae

Mume wangu alikuwa karani wa ghala la mahindi pale Nakuru, miaka ya hamsini, na kilichompendeza katika kazi ile si kalamu, ni kiti. Wenzake wanabeba magunia, yeye amekaa. Akirudi nyumbani anakaa tena, kisha ananiambia, "Mama watoto, hebu nipe maji," na mtungi uko pale karibu na goti lake. Nilikuwa nampa. Nilikuwa bado mdogo, sijajua kukataa.

Miguu ikaanza kuvimba. Jioni viatu havitoki mpaka nivute, na ukimbonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Akaenda kwa daktari mzungu ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. Alirudi amenyong'onyea.

"Daktari amesema, wewe hapana kaa. Kaa sana, kufa."

"Usikae wapi?"

"Wapi tena? Nakuru."

Sasa wewe niambie, ningebisha nini? Kwetu ukimuuliza mtu anakaa wapi, hakuonyeshi kiti, anakutajia mtaa. Tukalaumu vumbi, tukalaumu chumvi ya ziwa. Niliacha sukuma wiki zangu ndio zimeshika, nikalia, nikafunga mizigo. Tukahamia Ndabibi kwa kaka yake, aliyechunga ng'ombe kwa shamba la mzungu. Vitu vingi viliachwa Nakuru, lakini kiti hakikuachwa.

Huko Ndabibi, kwa vile sasa alikuwa mgonjwa aliyehamishwa na daktari, hata kuinuka kusalimia wageni aliacha. Kiti kinatolewa nje asubuhi. Jua likisogea, naitwa nikisogeze. Anavuta hewa safi, eti. Miguu nayo ikafura kama unga uliotiwa hamira, na akaanza kuhema akienda chooni tu. Hapo nikaogopa, sifichi. Watoto wadogo, nyumba si yetu, na baba yao anaisha nikimwona. Nilikuwa namtania mbele ya watu, halafu naenda nyuma ya nyumba kulia.

Shemeji akatuombea nafasi kwenye lori la maziwa, tukafika zahanati ya Naivasha. Dresa, msaidizi wa daktari pale, akamkagua miguu, akamuuliza kama ameshaonwa na daktari.

"Ndiyo. Aliniambia nisikae."

"Na mbona unakaa?"

"Sikai, bwana. Nilihama."

Dresa akauma mdomo asicheke. "Mzee, alimaanisha usikae kitako. Damu ya mtu anayekaa kutwa inalala miguuni. Ikiganda, halafu ikapanda kifuani, hatutaongea tena mimi na wewe. Tembea."

Nilitaka kucheka, na nilitaka kumpiga mume wangu. Sukuma wiki zangu jamani.

Lakini atembee wapi? Mwanaume akionekana shambani anatembea bure, nyapara atamuuliza anazurura nini. Njia iliyobaki ilikuwa yangu, ya kwenda bombani. Siku ya kwanza alinifuata kwa mbali kama mtu tusiyejuana naye. Nikampa debe. Alilibeba huku anahema, na kila alipoona jiwe zuri akalitamani, namwambia, "Hapana kaa." Polepole uvimbe ukashuka, na viatu vikaanza kutoka vyenyewe.

Wanawake pale bombani wakapata la kusema. Mwanaume mzima, karani, anateka maji na mkewe! Maneno yakamfikia shemeji, akatungoja njiani, uso umemshuka.

"Ndugu yangu, unatuaibisha. Watu wanasema umekaliwa na mke."

Nilijua vile mume wangu anapenda heshima, nikajua sasa debe litawekwa chini na kiti kitatolewa nje, na safari hii hakuna dresa atakayenisaidia. Yeye akahamisha debe kutoka bega hili hadi lile.

"Waambie ni kweli," akasema. "Heri kukaliwa kuliko kukaa."

Kisha akanigeukia, akaniuliza mbona nimesimama, twende.